Barua Kutoka Banana

Inspekta Odile Mbuyu aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama, kwa sababu kwenye stesheni ya Kolwezi hapakuwa na pa kukaa. Kuanzia dirisha la tiketi hadi reli ya mwisho, kila kipande cha sakafu kilikuwa na familia yake: magodoro, masufuria, cherehani, watoto waliolala juu ya mabegi. Ilikuwa Mei 1993. Wengine walikuwa wamekaa pale wiki sita wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao waliijua kwa kusimuliwa tu. Walizaliwa hapa Katanga, na nyumba walizofukuzwa kwa kuwa asili yao ni Kasai walizijenga hapa.

Mwanamke aliyemletea barua hiyo, Mama Ngeleka, hakuonyesha haraka. Alingoja hadi inspekta alipoikunja karatasi.

"Mwandiko ni yake," alisema. "Mi najua mukono ya bwana yangu. Lakini maneno haiko yake."

Mume wake aliitwa Badibanga, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana kuu ya kampuni ya migodi. Tarehe ishirini na nne Machi aliondoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Siku nne baadaye vijana walipita mtaani wakichora misalaba ya chokaa kwenye milango ya watu wa Kasai, na Mama Ngeleka akakimbilia stesheni na watoto wake watatu. Wiki mbili zikapita. Ndipo Omer, msimamizi wa Badibanga kazini, akaja na karatasi hii moja. Alieleza kwamba Badibanga alipata njia ya kutoroka, akafika pwani, akaajiriwa kwenye bandari ya Banana ambako meli za mafuta hutia nanga. Alitaka mkewe apande treni, asimngoje, atawakuta Kasai.

Mama Ngeleka aliacha treni mbili zipite. Ya tatu ilikuwa tayari imesimama kwenye reli, na mkuu wa stesheni alisema itaondoka jioni hiyo kabla jua halijatua. Mkuu wa Odile kwenye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, alisema mtu anayeandika barua hajapotea, na faili lifungwe.

Odile aliifungua tena karatasi. Ilianza katikati ya sentensi:

"…na ukungu ulipoondoka tukaziona zote. Mbele ulikuja mtambo wenyewe wa kuchimba, miguu yake mitatu ya chuma imesimama juu kama minara ya migodi yetu, ukivutwa polepole na meli nne ndogo zenye nguvu. Nyuma yake meli za kuhudumia, tano kwa mstari, pua juu na mgongo chini, sitaha wazi hadi mwisho, zimejaa mabomba na minyororo na mapipa ya matope ya kuchimbia. Watu wote wa Banana walitoka kutazama. Ya kwanza kufunga kamba ilikuwa Marguerite, nyekundu, nayo ndiyo niliyopangiwa. Hapa hakuna anayejua Kiswahili. Ninachomelea tangu jua linapotoka mpaka linapozama. Msiningojee, kazi hii itachukua muda mrefu."

Kisha sahihi.

"Iko na batoto batatu," Mama Ngeleka alisema. "Muntu anafika salama, anapata karatasi, anaandika juu ya meli. Haulize hata mutoto moja?"

Odile alimwuliza kama mumewe aliwahi kuona bahari. Aliwahi. Kabla hawajaoana, kampuni ilimwazima kwa watu wa mafuta mwaka mzima, naye hakuchoka kuwasimulia watoto habari za meli. Ndiyo maana Mama Ngeleka alikuwa ameiamini barua hiyo kwa siku mbili za kwanza.

Inspekta aliisogeza karatasi kwenye mwanga. Ukingo wa juu ulikuwa umekatwa kwa kitu kizito kilichokwenda kwa hatua fupifupi, na penye kila hatua palikuwa na jino dogo lililochongoka. Pembeni palikuwa na alama ya grisi. Kilichomsimamisha zaidi ni mikunjo. Ilikuwa ya kahawia kwa ndani, na pale mikunjo miwili ilipokutana karatasi ilikuwa imelika hadi kutoboka. Barua ya wiki chache haichakai hivyo.

Akaanza kuuliza, familia baada ya familia, kama kuna mtu aliyewahi kufanya kazi Banana. Stesheni ilikuwa na mafundi wa kila namna, walimu, makarani, wauguzi, na saa sita haijafika alikuwa ameonyeshwa mzee mmoja aliyekalia sanduku la bati karibu na tangi la maji. Aliitwa Tata Muamba. Alikuwa mpishi kwenye meli za kuhudumia visima vya baharini kwa miaka kumi na mmoja, kisha akaja Kolwezi kuishi kwa binti yake, na sasa alikuwa amefukuzwa pamoja naye.

Odile hakumweleza lolote. Alimsomea tu.

Mzee alisikiliza macho yamefumbwa. Kwenye pua juu na mgongo chini alitikisa kichwa kukubali. Kwenye mapipa ya matope alisema aliyeandika alisimama palepale, maana mtu wa kubahatisha angesema mapipa ya mafuta. Lakini jina la Marguerite lilipotajwa alifumbua macho, akaomba lirudiwe.

"Hii barua ni ya mwaka gani?" aliuliza.

"Mwezi uliopita."

"Hapana, mama. Marguerite alipanda juu ya muchanga mwaka ya themanini na sita, kwenye mulango ya muto. Mi nilikuwa ndani, jikoni. Balimukata bipande palepale. Hakuna meli ingine ya jina ile."

Odile aliandika hayo kwenye daftari na kumfanya mzee atie sahihi. Sasa alijua anachokishika. Mwandiko ulikuwa wa Badibanga na meli ilikuwa ya kweli, ila barua ilikuwa na umri wa miaka saba au zaidi. Mtu aliitunza muda wote huo, kisha akakata sehemu yenye tarehe na kumpelekea mke. Mtu wa namna hiyo alitaka mwanamke aondoke, na alikuwa na hakika Badibanga hatatokea kumwumbua. Hakika kama hiyo huwa nayo mtu anayejua maiti iko wapi.

Alikwenda kwa miguu hadi mtaa wa wafanyakazi kuiona nyumba ya Badibanga. Karibu kila nyumba ya safu ile ilikuwa imevunjwa. Mabati yamebebwa, hata fremu za madirisha zimeng'olewa. Ya Badibanga ilikuwa nzima, msalaba wa chokaa ukiwa bado mlangoni, na aliyefungua ni Omer mwenyewe, kabla Odile hajabisha mara ya pili.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, Mluba wa kaskazini ya Katanga kama Odile. Aliongea kabla hajaulizwa. Alisema analala hapa ili wezi wasiingie, alisema hajagusa kitu, alisema Badibanga alikuwa kama mdogo wake na yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Odile alimwuliza anaishi na nani. Alijibu yuko peke yake. Kwenye mgongo wa kiti palikuwa na koti la kijana, jembamba mabegani, ambalo Omer asingeweza kuingiza hata mkono mmoja.

"Barua ilikufikiaje?"

"Na lori ya Hassani Abibu, yule wa depo ya Manika."

"Siku gani?"

Omer alifikiri kidogo, akasema Jumanne. Alipoulizwa Jumanne ipi, hakukumbuka.

Odile aliomba kuona sanduku lake la vyombo vya kazi. Lilikuwa chini ya meza. Humo alikuta mkasi wa kukatia bati, akachana karatasi tupu kutoka kwenye daftari lake, akaikata kwa mkasi ule na kuilaza mezani kando ya barua. Hatua zilikuwa zilezile, na penye kila hatua palikuwa na jino lilelile, maana ubavu mmoja wa mkasi ulikuwa umemeguka.

Omer aliziangalia karatasi mbili, kisha akakaa.

"Badibanga yuko wapi?"

Omer alisema, bila kuinua uso, "Mama Inspekta, acha ile mwanamuke apande treni leo. Treni ikishaenda, rudi unifunge. Nitakuambia yote."

Katika miaka kumi na minne ya kazi Odile alikuwa amesikia watu wakiomba mengi, lakini hakuwahi kumsikia mtuhumiwa akiomba afungwe kwa sharti la treni kuondoka. Alimwambia avae viatu. Watakwenda mtaa wa Manika pamoja, naye atarudia habari ya lori mbele ya mwenye lori.

Walipofika kwenye kona ya barabara ya depo, Omer akashika njia ya pili, ile inayokwenda sokoni, kana kwamba amesahau. Odile alimshika kiwiko na kumgeuza.

Hassani Abibu alikuwa msafirishaji, mtu wa ukoo uliotoka Kasongo zamani, mwenye malori mawili yaliyobeba unga na samaki wakavu hadi Kisenge na Dilolo. Alimkaribisha inspekta kwa heshima, lakini macho yake yalimtazama Omer kwanza. Odile alimwuliza kuhusu barua. Hassani alijibu bila kusita kwamba malori yake hayajabeba barua yoyote kutoka popote, na kwamba hajui habari za Banana.

Wawili hawa walikuwa wakidanganya, na hawakuwa wamepatana uongo mmoja. Odile alikaa kwenye gunia na kuacha kuuliza. Mke wa Hassani, Bi Farida, alitokea jikoni amebeba beseni la maji ya moto na vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye shuka nyeupe. Alipomwona mgeni alirudi nyuma. Kwenye rafu, katikati ya makopo ya nyanya, palikuwa na dawa za vidonge za aina ambayo muuza unga hana sababu ya kuwa nazo. Na chini ya harufu ya samaki palikuwa na harufu nyingine, tamu na nzito, ambayo Odile aliijua kutoka vyumba vya maiti.

"Fungua stoo ya nyuma," alisema.

"Nyuma ni sehemu ya wanawake, Mama Inspekta. Haingii mtu wa nje."

"Mimi ni mwanamke."

Odile alimpita Hassani, akasogeza magunia mawili yaliyozuia mlango, akaingia akiwa ameziba pua, tayari kuona maiti.

Badibanga alikuwa amelala juu ya mlango wa mbao uliotandazwa juu ya makreti, naye alimtazama. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mashavu imetoka. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa vipande vya mbao na ulionekana unapona. Wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umevimba na kuwa mweusi.

"Umetoka kwa muke yangu?" aliuliza.

Alieleza kwa maneno machache, mengine akayaeleza Omer. Siku ile ya Machi walimkamata kwenye geti la nyuma la karakana alipotoka zamu, wakampiga miguu kwa nondo ili asiweze kukimbia, kisha king'ora kikalia na wakamwacha. Omer alimpata, akamweka kwenye mkokoteni chini ya mifuko ya saruji. Hospitali ilikuwa na kizuizi mlangoni. Alimleta kwa Hassani kwa sababu Hassani hakuwa wa upande wowote, na hakuna aliyefikiri kupekua depo yake.

Barua ilikuwa wazo la Badibanga mwenyewe. Homa ilimzuia kushika kalamu, lakini alijua Omer aliziweka barua alizomwandikia alipokuwa Banana. Na mkewe alimjua: hatakubali kwenda bila yeye. Wakati huo habari za mabehewa zilikuwa zimekwisha kurudi Kolwezi, za safari ya wiki tatu juu ya makaa na vyuma, za watu wenye homa tu walioshushwa wamekufa kwenye vituo vya njiani. Aliona afadhali Ngeleka aende akingoja mume aliye Banana kuliko kumzika aliye naye katikati ya reli, watoto wakitazama.

"Andika haukuniona," alimwambia inspekta.

Odile alimgeukia Omer. Bado palikuwa na jambo lisilokaa sawa: mtu aliyeokoa rafiki yake hakuwa na sababu ya kuomba afungwe.

"Nani walimpiga?"

Badibanga aligeuza uso ukutani.

"Balikuwa bane," Omer alisema, akiinua vidole vinne. "Mutoto yangu alikuwa mumoja yao. Yeye njo alishikilia geti." Akaongeza kwamba siku ile alitoka kumtafuta mwanawe kumrudisha nyumbani, akamkuta Badibanga badala yake. Tangu hapo mwanawe hakulala tena Kolwezi; lile koti la kwenye kiti ndilo tu alilobaki nalo Omer.

Odile aliinama, akauangalia mguu kwa karibu. Hakuwa daktari, lakini weusi ulikuwa umefika chini tu ya goti. Alimwuliza Bi Farida jana ulifika wapi. Bi Farida alionyesha kwa kidole, upana wa vidole vinne chini zaidi.

"Hapa atakufa," Odile alisema. "Wauguzi wote wa mji huu wako stesheni. Nimewaona asubuhi. Kuna aliyekuwa msaidizi wa daktari wa upasuaji, ana vyombo vyake kwenye begi."

Badibanga alisema mkewe hatakiwi kumwona hivi.

"Hilo utaamua naye. Si mimi wa kumwambia uko Banana."

Walimbeba pamoja na mlango wake, wakamweka kwenye lori, wakamfunika turubai. Odile alikaa mbele na Hassani. Omer alipanda nyuma.

Kizuizi kilikuwa kwenye njia panda kabla ya stesheni: mapipa mawili, ubao, na wanaume saba au wanane. Mkuu wao alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kampuni. Alimjua Hassani, akamsalimu, kisha akazunguka nyuma na kushika pembe ya turubai. Odile alishuka akiwa ameshika kitambulisho.

"Ni maiti," alisema. "Ya tangu Machi. Parke inataka ipimwe na daktari."

Yule mtu aliinua pembe kidogo. Harufu ilimpiga usoni, akaiachia na kurudi hatua mbili. Lakini hakuondoa ubao. Alimtazama Omer, ambaye alikuwa amekaa kando ya turubai na viganja juu ya magoti, kisha akamtazama Odile.

"Maiti inaenda stesheni? Stesheni iko na daktari?"

"Madaktari wote wako stesheni," Odile alisema. "Ninyi ndio mliowapeleka."

Chini ya turubai hapakusikika kitu. Mkuu wa kizuizi alimpa ishara mwenzake, na ubao ukainuliwa.

Treni ilikuwa imekwisha kupakiwa. Mama Ngeleka alikuwa chini, mbele ya behewa la wazi, watoto wakiwa juu, yeye hataki kupanda. Hassani alirudisha lori kinyumenyume hadi karibu. Odile alikuwa ameandaa maneno tangu Manika, lakini mwanamke aliusoma uso wake, akampita, akavuta turubai mwenyewe.

Alimtazama mumewe kuanzia kichwa hadi mguu.

"Banana iko karibu hivi," alisema.

Badibanga alijaribu kueleza. Mama Ngeleka alimwambia anyamaze, akaita muuguzi. Yule msaidizi wa daktari alikuja na begi lake, akabonyeza paja, akanusa, akasema mguu ukatwe sasa hivi na huenda akaishi, au ubaki na hatafika hata kituo cha Kamina. Alimwuliza mgonjwa anasemaje. Mama Ngeleka ndiye aliyejibu: akate. Tata Muamba alitoa sanduku lake la bati liwe meza. Wanawake walisimama mduara wakiwa wameshika vitenge ili watoto wasione, na mkuu wa stesheni, ambaye wiki zote sita hakuwahi kuchelewesha kitu kwa ajili ya mtu, alikwenda kuongea na dereva wa treni kuhusu breki, ili treni ichelewe.

Ilichukua muda usiofika saa moja. Walipomweka Badibanga kwenye behewa alikuwa amezirai, lakini alikuwa anapumua, na muuguzi alikaa kichwani pake na kumwambia Odile kwamba amewahi kuona wanaoonekana vibaya zaidi wakiamka.

Hapo ndipo Omer alipotokea katikati ya watu na bidoni ya maji ya lita ishirini begani. Aliifikisha kwenye ukingo wa behewa, akaisimamisha, akabaki ameshika mpini. Mama Ngeleka alikuwa amekwisha kusikia kilichosemwa depo. Badibanga alimwambia kabla ya kisu. Mkewe alimtazama Omer. Wengine ndani ya behewa, ambao walimjua msimamizi huyu na walimjua mwanawe, wakageuka kutazama.

Mama Ngeleka aliichukua bidoni. Akalowesha kitambaa, akaminya matone kwenye midomo ya mumewe. Akawapa watoto, akampa muuguzi, akampa Tata Muamba, akanywa mwenyewe wa mwisho. Hakumshukuru Omer na hakumlaani. Treni iliposhtuka na kuanza kwenda, alikuwa amempa mgongo, anafunga vizuri kitambaa cha mguu.

Omer alibaki kwenye reli mpaka behewa la mwisho lilipopita. Odile alisimama kando yake. Alikuwa na faili lenye mtu aliyepatikana, na ukurasa wa watuhumiwa ulikuwa bado mtupu. Hakuuliza kitu. Alijua mkuu wa parke hatapenda jina lolote litakaloandikwa humo.

"Mutoto yangu iko Kisenge," Omer alisema. "Kwa shangazi yake, nyumba ya tatu nyuma ya mizani ya madini ya manganizi. Lori ya Hassani inaenda kule kesho asubuhi."

Odile alitoa daftari.

"Jina lake kamili."

Omer alilitaja polepole, herufi kwa herufi, ili asikosee kuliandika.